Lori Nililomnunulia Baba

Nilinunua lori kabla ya kumwuliza mtu niliyekuwa namnunulia, na hilo ni kosa ambalo hadi leo nalishukuru.

Baba alihamia kwangu Mbeya baada ya kumzika mama. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, kisha akarudi kwenye kiti chake barazani kuutazama ukuta wa jirani. Daktari hakuona ugonjwa. Mimi niliona mtu anayejiondoa taratibu, nikaogopa kwamba nisipompa sababu ya kuvaa viatu asubuhi, sitakuwa naye muda mrefu.

Ndipo nikasikia kwamba lori alilolifanyia kazi ujana wake wote bado lipo Mlandege, Iringa, nyuma ya duka la familia ya Kihindi iliyolimiliki. Lilikuwa la zamani, la pua ndefu, lililopeleka viazi na mahindi kati ya miji hii miwili. Nilikulia Kihesa, hukohuko Iringa, nikijivunia shuleni kwamba baba yangu ni dereva, na kwenye kila fomu, hata ile ya chuo, nilijaza hivyo: kazi ya mzazi, dereva. Nililinunua lilivyo, matairi yakiwa yamezama ardhini na kuku wakitagia kwenye kiti, likabebwa juu ya lori jingine hadi gereji moja ya Mbeya.

Nilimwambia baba wakati wa chai. Akaweka kikombe chini.

"Liuze."

"Baba, hata hujaliona lilivyo sasa."

"Nimeliona vya kutosha. Liuze, mama. Wapo wanaonunua vyuma chakavu."

Fundi mkuu wa gereji, mtu mwema mwenye maneno mengi, aliizidishia hali ile ugumu bila kujua. "Mwambie mzee, injini ikiwaka, usukani ni wake," alisema kila nilipopita. "Hapa hakuna mwingine atakayelitoa nje." Salamu hizo nilizifikisha kwa furaha, na kila nilipozifikisha baba alizidi kunyamaza, hadi akaanza kulia chakula chumbani kwake.

Nilirudi Mlandege kuchukua kadi ya gari. Mwenye duka, mzee aliyerithi biashara kwa baba yake, alinikabidhi bahasha, kisha akauliza, "Baba hajambo? Bado anaweza kuruka?"

"Kuruka?"

"Wewe hujui? Mlimani breki zikichoka, lori linarudi nyuma, yeye anaruka na gogo lake, analisukumia kwenye tairi kabla dereva hajamaliza kupiga kelele! Utingo kama yule sikupata tena. Madereva nimebadilisha watano. Yeye, hapana."

Njia nzima ya kurudi Mbeya nilikuwa nikiyapanga upya maisha yetu. Utingo ndiye anayesafiri juu ya mzigo, anayefunga turubai, anayepakia na kushusha. Niliyakumbuka mabega ya baba, ngozi imechubuliwa na kamba, na mama akiyapaka mafuta huku sisi watoto tukiamini kwamba usukani ndio uliomuumiza. Hakuwahi kututamkia kwamba yeye ni dereva. Tulisema sisi, naye akatuachia. Na sasa, kwa salamu zangu za usukani, nilikuwa namwita aaibike mbele ya mafundi.

Sikumwambia nilichosikia. Siku seremala alipomaliza bodi mpya ya mbao, nilikaa karibu na baba barazani.

"Bodi imekamilika, lakini turubai halitulii. Hakuna mtu pale anayejua kulifunga."

Aliacha kuutazama ukuta wa jirani. "Kulabu za kamba wamezipiga wapi? Juu au chini?"

"Juu, karibu na ukingo."

"Juu!" Akainama chini ya kiti kutafuta viatu.

Gerejini, fundi mkuu alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. "Shikamoo mzee! Kiti chako hiki hapa."

"Marahaba," alijibu baba, akapita moja kwa moja hadi nyuma, akaishika kulabu na kuitikisa. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mzee," alisema seremala.

"Umewahi kufunga mzigo wewe, au umezoea kufunga mbuzi tu?"

Mafundi waliangua kicheko, na seremala akacheka kuliko wote. Baba alimwonyesha mahali pa kulabu, chini ya sakafu ya bodi, akaeleza jinsi kamba inayovutwa kutoka juu inavyolegea kwenye kona ya kwanza na viazi vikaishia kwa wapita njia. Asubuhi ile alizungumza kuliko miezi yote aliyokaa kwangu. Nilisimama pembeni nikishukuru kimoyomoyo kwa kila neno, hata matusi madogo aliyoipatia nyundo.

Kulabu zilipohamishwa, fundi mkuu akarudia, "Haya sasa, dereva wetu, njoo uwashe."

Baba alijifuta mikono kwenye suruali. Alinitazama mimi, si fundi.

"Mimi sikuwa dereva. Nilikuwa utingo."

"Najua, baba," nilisema. "Mzee wa Mlandege ameniambia. Anasema hakupata tena mwingine kama wewe."

"Amesema hivyo?"

"Amesema madereva alibadilisha watano."

"Sita," alisema baba. "Mmoja hakumaliza wiki."

Akanirushia ncha ya kamba juu ya turubai.

"Shika huko. Vuta mpaka nikwambie basi."

Nikavuta.