Kiti Changu Msibani

Mgongo wangu unaniuma mwaka wa tisa huu, na bado kuna watu wanaoniuliza kama nimepona. Sijapona. Ulianza siku nilipoinama kung'oa maharage ya mama kule Kibimba, nikainuka na kitu kama msumari wa moto juu ya nyonga. Nimepigwa picha mara tatu. Kila mara daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akasema haoni kitu, na ndugu zangu nao wakaamua kwamba hakuna kitu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ila maiti huyu anapanda kilima cha Ngara kila asubuhi kwenda kufungua cherehani yake, na nadhani hilo ndilo linalowakera.

Kwenye baraza ninaposhonea tuko watatu. Mmoja ni fundi mwenzangu, mwanamke asiyepoteza maneno. Mwingine anauza ndizi mbivu mbele yetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa bado anabebwa, na tangu ajifunze kuongea hajanyamaza. Zamani, nikitaka kusimama tu, wote wawili walirukia kwapa zangu, mmoja huku, mwingine kule. Walikuwa wananiua kwa upendo. Mkono usioujua mgongo wangu unauumiza zaidi. Siku moja nilimchapa muuza ndizi kofi la mkononi nikamwambia, "Usinishike mpaka nikuombe!" Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja na mto alioushona mwenyewe, vibaya sana, kwa vipande vya vitenge alivyookota chini ya cherehani yangu. Akauweka kwenye kiti changu.

"Huu hauna mikono," akasema.

Tulicheka mpaka nikaumia. Tangu siku hiyo wakawa wananisubiri nisimame mwenyewe, hata kama mteja anaondoka.

Kisha mama akafa.

Kwetu wanawake wakiwa msibani hukaa chini, kwenye mikeka, wakimzunguka marehemu. Kaka yangu, aliyeniona nikiingia, alinisogezea kiti pembeni. Nilikuwa sijatulia vizuri shangazi akaniona. Ni dada wa marehemu baba, na katika ukoo wetu akikohoa watu wanajibu.

"Mama yako amelala chini, wewe umekaa juu?"

"Shikamoo shangazi. Ni mgongo."

"Marahaba. Wote tuna migongo."

Wanawake wote wakanitazama. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo sijajisamehe: niliona haya. Nikashuka. Nilikaa mkekani tangu asubuhi hadi saa nane, nikitabasamu kwa wanaokuja kunipa mkono, huku msumari ukichimba hadi unyayoni. Nilijiambia kwamba mama alinibeba miezi tisa na mimi nitashindwaje siku moja. Maneno matupu. Mama mwenyewe angenifukuza pale mkekani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinisugua mgongo kwa mafuta ya moto na kuwatukana waliosema najidai.

Jeneza lilipoinuliwa, watu wote waliinuka. Mimi sikuinuka. Miguu ilikataa. Kaka na binamu yangu wakanibeba kama gunia la mihogo, nikapiga ukelele ambao watu waliudhania kilio cha msiba, wakanijibu, "Mpore, mpore," pole za kwetu. Wakanilaza kwenye kitanda cha mama chumba cha ndani. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kwaya ilianza kuimba, nami nilikuwa nimelala natazama bati.

Rafiki zangu wawili wa barazani, waliokuja msibani, hawakwenda kaburini. Fundi alikaa kitandani. Muuza ndizi akasimama dirishani, akawa ananiambia. "Sasa wanamshusha. Taratibu, hawajamyumbisha. Sasa kaka yako ametupa udongo. Sasa mdogo wako." Alinitajia wote mmoja mmoja mpaka koleo zikaanza kazi. Jina langu halikuwamo.

Nililia, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira.

Asubuhi yake fundi alipanda bodaboda mpaka Ngara. Alirudi na kiti changu cha barazani kimefungwa nyuma kwa mpira, mto wangu wa vitenge ukiwa juu yake. Nikakiweka katikati ya mikeka, sikukiweka pembeni. Nikakaa.

"Wewe," shangazi akasema. "Tena?"

"Jana nilikaa chini, shangazi, na sikumzika mama yangu. Leo nakaa juu. Kesho nakaa juu. Anayeona vibaya ageukie ukutani."

Sijawahi kumjibu mtu mzima namna ile. Lakini sikushuka. Wanawake wakaguna. Ndipo fundi akapindua ndoo akaikalia kushoto kwangu, na muuza ndizi akaburuta kreti ya soda akakaa kulia. Tukawa watatu juu, kama tulivyo barazani. Bibi mmoja jirani alificha kicheko kwenye khanga.

Siku ya kuondoa matanga shangazi alituita watoto wa marehemu twende kaburini. Ndugu zangu walisimama mara moja. Mimi nilianza kusimama. Kwanza mikono kwenye mapaja, kisha nyonga, kisha pumzi, kisha nyonga tena. Niliona muuza ndizi ameficha mikono yake nyuma, akiibana ili isiniparamie. Nyumba nzima ilinitazama, na sikuharakisha. Miaka tisa nimekuwa nikisimama hivyo, ila hawakuwahi kuangalia.

Nikatembea hadi kwenye migomba. Fundi akanifuata na kiti.

"Hata huku na kiti?" shangazi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Hata huku."

Akatoa mguu njiani, kiti kikapita. Fundi alikisimika pembeni ya kaburi, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado laini, nikakaa. Nikanyoosha mkono nichukue udongo. Haukufika. Nikajaribu tena, msumari ukanirudisha. Marafiki zangu hawakusogea. Niliwafundisha vizuri mno.

"Niokotee," nikamwambia muuza ndizi. "Nakuomba."

Alinitazama kwanza, kuhakikisha amesikia sawasawa. Akachota kwa mikono miwili akanijazia kiganja.

Mama alikuwa amelala chini, mimi nimekaa juu. Nikamtupia udongo wangu.