Mkalimani Uweso na Mdomo wa Unga

Uweso bin Hatibu wa Ngamiani alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Tanga, na kufikia mwaka 1954 alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alipanda baiskeli, kanzu kaikunja magotini, tarbushi kichwani. Alijivunia jambo moja: hakuna neno la Kizungu lililowahi kumkwamisha mbele ya watu.

Siku hiyo ilikuwa kesi ya mbuzi. Bi Muzna, mwenye shamba Pongwe, alilalamika kwamba mbuzi wa jirani yake, Bi Saleha, wamemaliza miche yake ya michungwa. Shahidi alikuwa Kombo, mkulima mpole, aliyekuwa akipita njiani wakati ule. Kila alipoulizwa mbuzi ni wa nani, alijibu kwamba mbuzi walikuwa wengi, na mbuzi hufanana, na jua nalo lilikuwa kali.

Hakimu, Mzungu mwenye haraka, akamwambia kuwa yeye ni *mealy-mouthed*.

Uweso alikuwa hajapata kulisikia. Lakini *meal* aliijua kuwa ni unga, na *mouth* kuwa ni mdomo.

"Bwana Hakimu anasema mdomo wako una unga."

Kombo akajifuta mdomo kwa mkono wa kanzu. Akaeleza kwa adabu kwamba hakula ugali, tangu asubuhi ana chai tu. Uweso akaitafsiri chai hiyo neno kwa neno. Watu wakacheka mpaka kesi ikasimamishwa kwa robo saa.

Uweso alikwenda kwa karani Laurenti, mwenye kamusi nene. Laurenti akasoma, akafafanua: huambiwa mtu anayeogopa kulitamka jambo waziwazi, akalizungukazunguka. Tena si sifa, ni lawama.

"Kumbe kumumunya maneno," alisema Uweso, akaona uchungu, maana Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa na neno hilo siku zote.

Waliporudi, alisimama akakiri kosa lake kwa lugha zote mbili. Kisha akamweleza Kombo neno lile kwa maana yake.

Kombo akainamisha kichwa. "Ni kweli, ninamumunya. Lakini mwenye mbuzi ni mkwe wangu, mama wa mke wangu, naye amekaa pale. Nitamshitaki kwa kinywa gani?"

Uweso aliyatafsiri polepole, akaongeza kwa ruhusa ya hakimu kwamba huku kwetu hiyo huitwa haya, wala si woga. Kabla hakimu hajajibu, Bi Saleha aliinuka, akajitanda vizuri kanga yake.

"Msimtese mkwe wangu. Mbuzi ni wangu, kamba ilikatika."

Mambo yakaishia hapo. Bi Saleha aliahidi miche mipya, na Bi Muzna akaridhika. Walitoka wakiulizana hali za wajukuu.

Tangu siku hiyo Uweso hakuona aibu kuinua mkono na kuuliza, "Bwana Hakimu, neno hilo maana yake nini?" Kesi zilichelewa kidogo, hakimu akanung'unika, lakini Uweso alimngoja tu mpaka amjibu.