Atosha

Karani wa mgodi mmoja wa Katanga alivuka ziwa hadi Kashikishi kutafuta mshambuliaji mmoja wa kulipwa kwa timu ya kandanda ya mgodi. Alikuwa mtu wa pwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mimi nilikuwa mvuvi, na sikuona njia nyingine ya kuuacha wavu.

Alikuja kututazama tukicheza mechi ufukweni, na nilipofunga bao, alipaza sauti: "Yule wa kati, atosha!"

Nahodha wetu akanijia amekunja uso. "Ndugu, toka. Muzee anasema tukutoshe."

Kwetu ziwani, kutosha ni kuondoa. Nikatoka, nikaketi kando ya vichanja vya samaki, wala sheria za mchezo wakati ule hazikuruhusu mwingine kuingia mahali pangu.

Karani akanifuata mbio. "Mbona umetoka? Umeumia?"

"Ulisema banitoshe, muzee."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Nilisema wafaa, bwana! Kazi ni yako."

Nilitia sahihi palepale, karatasi ikiwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, huku wenzangu kumi wakifungwa bao la pili na nahodha akinitukana kwa Kibemba.