Kichaka Mama cha Bi Kitalu

Bi Kitalu, muuza miche wa kando ya barabara, hamwamini mtu. Ukinunua kwake anakusindikiza mpaka getini, si kwa adabu bali akague mfuko wako. Mume alimwachia mtoto wa kiume na kiwanja cha mawe. Kitalu amekijenga mwenyewe, kopo kwa kopo. Mimi hununua miche yake nikawauzia wenye bustani, kwa hiyo namjua kuliko nduguze. Ndugu hawajawahi kuvutana naye bei.

Wateja wangu wanataka hasa kichaka kimoja cha asili, hakifiki kiunoni, majani kama sindano, maua ya waridi yaliyoinama kama kengele. Ukiking'oa kilimani kinakufa njiani. Yeye anacho kimoja kikubwa nyuma ya jiko, kichaka mama, anakokata vijiti vya kuotesha. Hicho kikifa, hana kingine.

Msimu huu akaniambia kinakauka. Nikacheka. Muuzaji akikuambia mali inaadimika, shika mfuko wako.

"Haya, bei imepanda kiasi gani?"

"Wewe mbomoa bei, njoo uone."

Kweli, upande mmoja ulikuwa kahawia. Akashusha sauti. "Ni huyu mkwe wangu. Tangu mwanangu amlete, kichaka hakina raha. Kila asubuhi namwona akinyatia huku. Kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi anarudi kwao."

"Mwanao anajua?"

"Ataambiwa."

Sikumwamini yeye wala mkwe. Nilidhani Bi Kitalu kamwaga maji ya moto mwenyewe ili anibane kwa bei. Nikachutama, nikachokonoa udongo. Kidole kikatoka na vumbi la kijivu. Kabla sijasema neno, yule binti mkwe akatoka jikoni na sufuria la majivu. Kutuona, akasita.

"Njoo, njoo," Bi Kitalu akasema. "Mwaga mbele ya shahidi."

Akamwaga pale pale shinani, bila kujificha. "Naona kinadhoofika, mama, ndiyo maana nakiongezea. Kwetu mboga zote tunazilisha majivu."

"Unakilisha?"

"Kila siku. Nilisema kikichanua, labda utanisemesha."

"Hiki kinataka udongo mchachu, wewe! Majivu ni sumu kwake!"

"Ningejuaje, mama? Hata ufunguo wa stoo unalala nao."

Bi Kitalu alipiga magoti akaanza kukwangua majivu kwa kigae. Binti naye akapiga magoti upande wa pili. Mimi nilikuja kwa biashara, nikauliza: "Upande uliobaki mzima utatoa vijiti?"

"Vichache. Na atavikata yeye," akamwonyesha mkwe kwa kidevu. "Mikono yake myepesi. Ila nitamwangalia."

Jumamosi nilipita. Binti alikuwepo, kisu mkononi, anakata taratibu juu ya kifundo cha tawi kama alivyoelekezwa. Mavyaa yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hapepesi jicho.