Bonge la Udongo Mezani kwa Wobbe

Kazi ya Baukje ni kusoma udongo. Usicheke, kazi ya kweli hiyo: anazamisha chuma chake kirefu shambani, anatoa udongo, anaulinganisha na kitabu chake cha rangi, halafu anakwambia maji yanafika wapi. Ukiona madoa ya kutu, maji yanapanda na kushuka. Ukiona kijivu cha bluu, maji hayaondoki hapo, usijenge.

Friesland nzima, huko Uholanzi, inamwamini. Ila ana kitu kinamkaba.

Miaka ishirini na mbili nyuma, mvua inachapa, Wobbe mfugaji, aliyetaka kujenga nyumba, akamwambia, "Ya nini ulowe, dada? Nishachimba mwenyewe, udongo uko mezani. Kaa unywe kahawa."

Akakaa. Bonge lilikuwa la kahawia, zuri, limefanana kabisa na keki ya tangawizi iliyokuwa pembeni. Akaandika: pakavu, jenga.

Mwaka wa tatu ukuta ukapasuka, ukungu ukatambaa hadi juu ya kitanda. Wobbe akakohoa, akakohoa, mpaka akafa, na hakumlaumu hata siku moja. Hapo ndipo panapouma. Yaani mpaka leo Baukje akikata keki ya tangawizi, anaichungulia ndani kwanza.

Juzi Hiske, binti wa Wobbe, akampigia. Anataka kujenga nyumba yake jirani na ya baba.

"Shangazi, kahawa tayari, na udongo nimekuwekea mezani."

Baukje akamkatiza. "Utoe mezani. Vaa mabuti."

"Mvua yote hii? Unataka unizike na baba?"

Baukje akafika, wakaenda shambani. Chuma kikazama, udongo ukaking'ang'ania, kikatoka na harufu ya yai viza. Bluu, kama midomo ya mtu aliyepigwa na baridi. Baukje akauweka kiganjani kwa Hiske.

"Utazame tu."

"Nitazame nini, minyoo?"

Robo saa. Kingo zikaingia kijani, halafu kahawia, taratibu, kama kuna mtu humo ndani anaamka.

"Ukipata hewa unashika kutu," Baukje akasema.

Hiske utani ukamwisha. "Kwa hiyo ule wa baba..."

"Ulitoka shimoni wa bluu hivi hivi. Uliponifikia ulishageuka. Na nilijua udongo unageuka, mwanangu. Nilijua. Nilikwepa kulowa tu."

Hiske hakumwangalia. Akaurudisha udongo shimoni, akaukanyaga.

"Huu utauandikia nini?"

"Usijenge."

"Basi andika na ule wa baba. Urekebishe."

Baukje akatoa daftari palepale. Mvua ikalowesha karatasi, wino ukavuja, na yeye akaendelea kuandika.