Siku Niliyoikataa Miksa ya Chekalini

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Niliamka katika chumba changu cha kupanga pale Kakamega, nikatia maikrofoni moja mfukoni, nikaning'iniza gitaa begani, nikatoka. Sikumwambia mtu ninakoenda, maana mwenyewe sikujua. Ndivyo nilivyokuwa miaka ile ya tisini. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kuuliza sikuacha. Redio yoyote iliyokaa karibu nami siku mbili, ya tatu niliifungua nione nani anazungumza humo ndani.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likinisumbua. Senje wangu, yaani dada ya baba, alikuwa ndiye mwimbishaji wa ngoma za isukuti katika kijiji chetu. Mimi nilikuwa nimekigeuza chumba changu kuwa studio: mablanketi ukutani, maikrofoni tatu, na kinasa kaseti chenye tundu moja tu la maikrofoni. Nikimrekodi Senje pamoja na ngoma, ngoma zinammeza. Nikiisogeza maikrofoni kinywani mwake, ngoma zinasikika kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Nilihitaji miksa, kile chombo kinachopokea sauti nyingi, kila moja kwa njia yake, nawe ukapandisha hii na kushusha ile kabla hazijaingia kwenye kaseti.

Tena niliihitaji haraka, kwa sababu koo la Senje lilikuwa likiharibika. Kila mwezi sauti ilipungua. Alikuwa akiniambia, "Kama unataka kuninasa, ninase sasa. Mwakani nitakuwa nanong'ona tu kama msengenyaji."

Barabarani nilipata lori lililokuwa limeshusha mahindi, sasa linarudi Lugari tupu. Dereva alilitazama gitaa langu akasema kwao Chekalini yuko mzee mwenye mashine ya makelele ya mikutano, na anataka kuiondoa nyumbani. Nikapanda. Hatukuwa tumefika mbali nikaanza kujiuliza: kitu kizuri, mtu anakiondoa kwa nini? Usinicheke. Kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha viatu vyangu kwa redio sokoni, nikafika nyumbani nikaifungua, nikakuta imejazwa udongo mkavu. Tangu siku hiyo kila aliyenisalimu kwa tabasamu nilimkagua mara mbili.

Mzee mwenyewe aliitwa Wafula. Zamani alikuwa akiendesha vyombo vya kikundi cha wahubiri. Kikundi kikavunjika, vyombo vikabaki kwake. "Mulembe, mulembe," alinisalimu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikashuku. Akaivuta miksa kutoka chini ya kitanda, imefungwa kwa shuka. Ilikuwa na njia nane, safi, haina hata alama ya kidole. Nikashuku zaidi, maana mashine ya kazi huwa na uchafu wa kazi.

"Unataka nini kwa hii, Baba?"

"Hilo gitaa lako. Binti yangu anapiganga la kuazima kanisani, na mwenyewe huja kulichukua katikati ya wimbo."

Gitaa lile ndilo lililokuwa mali yangu yote duniani, nalo lilikuwa na nyuzi tano badala ya sita. Mtu mwenye akili atatoaje miksa ya njia nane kwa nyuzi tano? Niliigeuza, nikakuta skrubu zimekwaruzwa.

"Imefunguliwa hii," nikasema.

"Nimeifungua mimi. Kila mwaka naifunguanga, napanguza vumbi."

Nikaomba bisibisi. Ndani nikaona lehemu mpya mahali pawili. "Na hapa?"

"Waya ziliachana, nikaziunga."

Kila swali alilijibu papo hapo, na wepesi huo nao ukanitia shaka. Nikamwambia basi tuiwashe. Akaniambia hapo kwake hakuna umeme, na jenereta wanayotumia ni ya kanisa. Imepelekwa Turbo kwenye mkutano wa injili, itarudi kesho asubuhi. "Lala hapa," akasema. "Kesho utaipima mpaka uchoke wewe."

Hapo nikajiambia, sasa nimemshika. Kesho! Usiku mzima wa kubadilisha chombo, au wa kuniibia gitaa nikiwa nimelala.

Mkewe alikuwa ameshachinja kuku. Kwetu unajua, ingokho ikishachinjwa kwa ajili yako huondoki kabla ya kula. Tukakaa mezani. Mzee akachukua firigisi, ile ambayo huliwa na mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu. Nilitoa macho. Firigisi, mwanangu, mtu hampi mgeni wa saa mbili. Nikaigeuza upande huu na ule.

"Mwangalie," Mama akamwambia mumewe. "Anaisoma kama barua ya korti."

"Mwache aisome. Labda anatafuta skrubu."

Wakacheka, nami nikacheka kwa meno tu. Nilipomaliza kula, mzee akanikazia uso, bila hasira.

"Kijana wangu, tangu ufike unaniangalia macho. Macho yangu hayawezi kukurekodia wimbo. Mashine ndiyo ile pale. Kesho chomeka maikrofoni yako kwa kila njia, zote nane, usiache hata moja, useme neno. Sogeza kila kidude polepole, usikie kama kinakwaruza. Kisha upandishe zote mpaka juu, na mtu asiimbe, sote tunyamaze. Ikinguruma na sisi tumenyamaza, iache. Chukua gitaa lako, hata mimi nitakusindikiza barabarani."

Maneno yale ni shule nzima, nami nikayasikia kama maneno ya mtu aliyezoea kuuza. Nikamshukuru, nikasema nina safari. Mama akasema jua linazama, safari gani hiyo? Nikachukua gitaa langu. Nilitembea hadi kituo kilichofuata, nikapata chumba cha kulala wageni chenye kitanda cha chuma, nikafunga komeo, nikalilaza gitaa ubavuni mwangu. Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Lugari.

Baada ya wiki kadhaa nilikuwa sokoni Kakamega nikasikia kaseti ya kwaya ikichezwa dukani. Nilisimama pale pale. Kila sauti ilikuwa imekaa mahali pake, ngoma iko nyuma lakini ipo, na mwimbaji aliponyamaza, kaseti nayo ilinyamaza kabisa. Mwenye duka akasema imerekodiwa na vijana wa Chekalini, kwa mashine ya mzee fulani.

Nilirudi kwa Mzee Wafula siku iliyofuata. Hakunitania.

"Niliwapa," akasema. "Nao walikuwa na shaka, tena sana kukushinda. Lakini walilala hapa. Asubuhi wakaipima."

"Ungeniapia siku ile, Baba, ningekuamini."

"Mimi siapi. Mimi nawasha."

Miksa nyingine niliipata mwaka uliofuata, ya njia nne. Niliijaribu yote kama mzee alivyonifundisha, nikaipeleka kwa Senje. Wapigaji wakaanza, wakafika mahali pake pa kuingia, wakamngoja. Akafungua kinywa. Nilipandisha njia yake mpaka mwisho kabisa, nikapata pumzi tu. Kaseti ile ninayo. Ngoma zake zimetoka safi sana.

Sasa unaniambia unataka kununua miksa ya studio yako ya nyumbani, na kwamba wauzaji huwaamini hata kidogo. Vyema. Sitakwambia uwaamini. Shuku bei ya chini, shuku na ile ya juu, shuku taa nyingi zinazochezacheza. Hesabu kwanza maikrofoni zako, ndipo uhesabu njia za miksa, usije ukalipia vidude ambavyo havitaguswa. Nenda na maikrofoni yako na masikio yako. Lakini ukishashuku, kaa upime. Kama jibu liko kesho, lala hapo ulingoje. Mimi nilishuku kisha nikaondoka, nikadhani kuondoka ndio uangalifu, kumbe nilikuwa nimeogopa tu kukaa na jambo nisilolijua kwa usiku mmoja.

Mungu akupe masikio yanayosikia hata kinachonguruma chini kwa chini. Akukutanishe na watu wenye subira na maswali yako. Na wale unaotaka kuwanasa, mwanangu, uwakute bado wanaimba.