Shemeji yangu hataki flashi yake ikaguliwe

Admini, nifichie jina na rangi ya mlango wa duka langu, Kasongo tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, niko na duka la kuandika na kufotokopi, na mashine moja, kompyuta inayokula umeme wa jua. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Virusi vimenifundisha.

Sheria yangu ni moja: flashi yoyote inakaguliwa kwanza. Najua inachosha. Siku ya mawingu antivirusi inatembea kama mjamzito wa miezi tisa, na wateja wanavuka barabara kwa jirani, ambaye anachomeka kila kitu bila hata salamu.

Shida ni kaka mkubwa wa mume wangu. Anafanya biashara Salamabila, anarudi na filamu na nyimbo za kuwawekea watu kwenye simu. Flashi anaitoa ndani ya soksi aliyopanda nayo pikipiki tangu huko, anaipuliza, mate yanaruka, kisha ananipa. Nilipoikagua mbele ya wateja, alinuna.

"Shemeji, weye unaona miye niko na ugonjwa?"

"Hapana, kaka. Hata ya padri naikagua."

Jioni ile mama mkwe aliniita. "Mutu wa ukoo akikuletea chakula, unakinusa mbele yake?"

Nikamjibu, "Mama, chakula kibaya kitaumiza tumbo langu tu. Hii inaumiza kazi za watu."

Wiki iliyopita niliingia nyuma kunyonyesha. Kurudi, nikamkuta shemeji kwenye kiti changu, flashi yake ameshaichomeka, anakula karanga, maganda juu ya vitufe.

"Ile kitu yako ilikuwa inapiga kelele," akasema. "Nimeizima."

Mafaili yote yalikuwa yamegeuka majina matupu. Unabofya, hakuna kitu. Humo kulikuwa na kazi ya mwisho ya mwanafunzi mmoja wa uuguzi, anayekaribia kuitetea mbele ya walimu wake. Flashi ya mwanafunzi yenye nakala nayo ilikuwa bado kwenye mashine. Ikaliwa pia. Nilipiga kelele mbele ya watu, sikatai. Shemeji akapangusa mikono kwenye suruali.

"Andika tena. Si uko na vidole?"

Sasa mwanafunzi anashinda dukani, ananisomea karatasi zake za rasimu, mimi naandika upya. Hajui kama tutawahi.

Na ukoo umekaa kikao. Umeona mkosaji ni mimi, nimemvunjia heshima mkubwa. Jumapili nimpelekee kuku, nipige magoti, niahidi kutokagua flashi yake tena. Nikikataa, mume wangu anasema mashine aliinunua yeye, atamkabidhi kaka yake. Kuku mama mkwe ameshamchagua, tena ni wangu anayetaga.

Nyinyi mliooa na kuolewa, nishaurini: nipige magoti nibaki na mashine isiyo na mlinzi, au niwaachie, nirudi kwetu Nyangwe na vidole vyangu?